Anti, bosi amekataza tusiwauzie mateja sindano na mimi roho inaniuma

SWALI

Anti shikamoo. Natumai u mzima wewe na wanao. Mimi ni msichana wa miaka 26, nimesomea mambo ya dawa na sai nafanya kazi kwa kemisti moja huku Likoni, zamu yangu inaanza saa nane mchana mpaka tunapofunga saa tano usiku. Kazi naipenda. Ila kuna jambo limenikosesha usingizi ndo maana nakuandikia, naomba tu usitaje jina langu wala duka.

Huku kwetu kuna majamaa wanaotumia unga, yaani heroini, wengi nawajua kwa sura na wengine kwa majina manake tumekua pamoja, mmoja nilikuwa naye darasa moja praimari. Wanakuja jioni jioni. Anaingia mmoja, anasimama kando anangoja wateja waishe, halafu anaweka shilingi ishirini kwa kaunta anasema kwa sauti ya chini "nipe ya sukari moja", yaani ile sindano ndogo ya insulini. Nilikuwa nawauzia, hawajaniibia hawajanitukana, anachukua anaenda zake.

Sasa mwezi uliopita mama anayetufagilia alichomwa na sindano iliyokuwa kwa mfuko wa taka nyuma ya duka. Bosi alipandwa na hasira, akabandika karatasi HATUUZI SINDANO BILA CHETI CHA DAKTARI, na mimi akaniambia nikimuuzia teja hata mmoja nifungashe virago. Anasema tunawavuta, wateja wa maana wanaogopa kuingia, na polisi wakija atawaambia nini.

Tangu hapo nawarudisha. Na juzi nilitoka nyuma kumwaga maji nikamkuta mmoja niliyemrudisha sasa hivi tu, amechutama kando ya mtaro, ameshika sindano kuukuu hata zile namba za ubavuni zimefutika, anainoa ncha kwenye kiberiti, pale ubavuni penye baruti, anasugua, anaijaribu kwa kidole, anasugua tena. Pembeni kuna msichana amekaa anangoja zamu yake. Sindano moja watu wawili, na mimi ndani nina boksi la mia moja.

Nilimweleza mama yangu akanambia mshukuru bosi wako, ukiwauzia hao unauza mauti na utaulizwa na Mola. Dropini, kile kituo cha kuwahudumia watumiaji, iko lakini si karibu, inafungwa mapema, na wale waliokuwa wakizunguka mitaani na mabegi ya sindano wamepungua sana tangu misaada ikatwe. Je, mama yangu ana haki? Na nikiamua kuongea na bosi nimwambie nini asinifukuze? Na pia yule mama aliyechomwa, alipakwa spiriti akarudi kufagia, hilo nalo linanisumbua.

Wa kaunta, Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo mama mfagiaji manake wake ndo wa haraka, na nasikitika sana alipakwa spiriti akaachwa hivo. Mtu akichomwa na sindano ya mtu mwingine anaosha pale kwa maji yanayotiririka na sabuni, hakamui, hanyonyi, halafu anakimbizwa hospitali siku hio hio, kwa sababu ile dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inayoitwa PEP lazima ianzwe ndani ya masaa 72 na inamezwa siku 28. Yeye masaa hayo yameshapita zamani, kwa hio sai mpeleke akapimwe HIV na homa ya ini aina ya B na C, arudie tena ikifika miezi mitatu tangu achomwe, na aulizie chanjo ya homa ya ini B kama hajapata. Umwambie pia asijifie kwa hofu, hata pale sindano inapokuwa imetoka kwa mtu ambaye kweli ana HIV, kwa kuchomwa mara moja wanaoambukizwa ni kama watatu katika elfu moja. Lakini kupimwa ni haki yake, ameumia kazini, na nauli na gharama atoe mwenye duka.

Sasa tuje kwa lako.

Wewe mwenyewe umeniandikia jibu hapo kwa mtaro. Yule kijana ulimrudisha, je hakujidunga? Alijidunga. Mtu mwenye arosto, yaani mwili unaudai unga, mifupa inamuuma, tumbo linamkata, kamasi zinamtoka, hawezi kuacha kujidunga eti kwa sababu kemisti imebandika karatasi. Kete yake ya unga ameshainunua iko mfukoni. Kilichobaki kuamuliwa ni sindano gani itaingia kwa mshipa wake, na hilo usiku huo mliliamua nyinyi wa dukani. Nakwambia hivi nikijua si wewe uliyetunga hio amri, lakini nataka ukienda kwa bosi uende ukiwa na hakika kabisa.

Hio sindano iliyonolewa kwa kiberiti kwanza inararua mshipa, hapo ndo wanapata majipu na vidonda vinavyonuka, wengine mkono unakatwa. Halafu damu. Ndani ya bomba, hata ukidhani limekauka, kunabaki damu kidogo usiyoiona, na maabara wamekuta virusi vya ukimwi vikiwa hai ndani ya sindano mpaka siku 42 kwenye ubaridi, kwa joto letu la Pwani siku zinapungua lakini mtaroni hakuna anayehesabu siku, na vya homa ya ini C vimekutwa mpaka siku 63. Ndo mana hapa Kenya, kwa wanaojidunga, takwimu ambayo imetumika miaka mingi ni kama asilimia 18 wana HIV, wakati nchi nzima watu wazima hawafiki hata nusu ya hapo. Wanawake ndo wako juu zaidi, tena sana, na sababu umeiona kwa macho yako: mwanamume anajidunga kwanza, mwanamke anangoja. Anapewa sindano iliyotoka kwa mwenzake, mara nyingi hata kudungwa anadungwa na huyo mwenzake, na akikataa atakosa fungu lake.

Mama yako usibishane naye, ana uchungu wa mzazi, na hapa Pwani hakuna nyumba isiyokuwa na wa kwao aliyepotelea kwa unga tangu ile heroini ya brauni ya miaka ya themanini mpaka ikaja nyeupe wakaanza kujidunga. Hayo maneno ya mama yako yalishasemwa na watu wakubwa zaidi. Mwaka 2012 wizara ya afya ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, mashekhe na maaskofu wa huku walisimama wakapinga, walihofia vijana wataona ni ruhusa. Ilichukua vikao vingi. Na ukitazama leo, miongoni mwa waliozibeba hizo sindano mitaani ni MEWA, ambayo ni jumuiya ya Waislamu hapa hapa Mombasa, na shirika la Reachout, na kule Malindi shirika la Omari Project. Iran, nchi inayoongozwa na maulamaa, inagawa sindano safi. Malaysia walianza 2006. Sote tumesoma ile hadithi, hapana kudhuru wala kudhuriana, na wanazuoni wanafundisha kwamba madhara mawili yakikukabili ukakosa pa kukimbilia unachukua lile dogo. Mwambie mama yako unga uharamu wake haujaguswa na hio sindano. Ulichozuia ni maradhi yasimfikie huyo kijana, na yasimfikie mkewe, na mtoto atakayezaliwa kesho ambaye hajawahi kuona kete.

Na kama bosi wako anataka ushahidi wa duka kama lake, mpe hii. Mji wa Edinburgh kule Scotland, mwanzoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na duka la vifaa vya hospitali lililokuwa linawauzia wanaojidunga, likaacha, wafamasia nao wakawa hawauzi, polisi wakawa wananyang'anya sindano barabarani. Watu wakabaki na sindano chache zinazunguka chumba kizima. Mwaka 1986 daktari wa mtaa mmoja huko alichapisha majibu ya wagonjwa wake waliokuwa wakitumia heroini, nusu yao walikuwa na virusi. Nusu! Glasgow, mji ulio karibu tu, heroini ile ile, ilikuwa chini mno ya hapo. Na Amsterdam, mwaka 1984, kuna mfamasia katikati ya mji aliyekata shauri kuacha kuwauzia sindano, basi watumiaji wenyewe wenye chama chao wakaogopa homa ya ini itawamaliza, wakaanzisha mpango wa kubadilishana sindano, mpya kwa kuukuu, na mji ukawaunga mkono. Kaunta ya dawa si kitu kidogo mwanangu, mtu mmoja akikataa pale maradhi yanapata njia ya mtaa mzima.

Watu watakuuliza, si kuna dropini? Ipo na ni muhimu, lakini piga hesabu. Shirika la afya duniani WHO linataka kila anayejidunga apate angalau sindano 200 kwa mwaka, na lengo la 2030 ni 300. Mtu anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji zaidi ya elfu moja. Hata dropini ikifanya kazi vizuri namna gani hizo zingine zitoke wapi? Na dropini inafunga jioni, Jumapili ni hivo hivo, nyinyi mko wazi mpaka saa tano usiku. Halafu ndo hio misaada uliyoisema. Watu wengi wanadhani pesa ya Marekani ndo ilikuwa inanunua sindano, hapana, wao kwa kawaida sindano zenyewe hawanunui, zilikuja kwa mifuko mingine kama Global Fund. Lakini iliposimamishwa Januari 2025 ndo mishahara ya waelimishaji na manesi na kodi za majumba zilipoyumba, na boksi la sindano lisilo na wa kulibeba mpaka maskani halimfikii mtu. Kwa hio usijione eti unaingilia kazi ya watu. Saa nne ya usiku huko kwenu hakuna mwingine.

Kuhusu hao polisi. Kuuza sindano si kosa na hakuhitaji cheti cha daktari, hio karatasi aliyobandika bosi ni yake yeye. Kwa anayenunua hapo ndo pagumu kidogo, sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inataja mpaka vyombo vya kutumia, na askari wengine wanamkamata mtu kwa sindano tupu. Hilo ni baya na linafanya watu wazitupe haraka haraka popote, mtaroni, kwa mfuko wenu wa taka, ndo ikamchoma yule mama. Kwa hio bosi akikwambia tatizo ni taka, mkubalie, ni kweli, halafu mwambie kuwarudisha hakupunguzi taka hata kidogo, wataendelea kutupa zile zile za zamani na sasa zimeshapita kwa watu wanne.

Ongea naye namna hii. Usimvamie mbele ya wateja. Na usianze kuuza kwa kujificha, atakukuta, utaondoka, na atakayekuja badala yako labda hatajali. Mtafute kwanza yule ambaye leseni yake imetundikwa ukutani kama si bosi mwenyewe, huyo ndo mwenye sauti kwa mambo ya dawa, umweleze ulichokiona nyuma, yote, kiberiti na msichana na kila kitu, bila kupunguza. Halafu nyote wawili mkae na bosi. Mwambie mtaweka sefti boksi, lile boksi la manjano la kadibodi analoliona kliniki ya chanjo, na mtaongea na watu wa dropini wapite kulichukua likijaa. Mwambie mtakuwa na vifurushi tayari chini ya kaunta ili mtu asisimame pale dakika kumi: sindano, pamba ya spiriti, na kichupa cha maji ya sindano. Anaweka pesa, anachukua, anatoka. Wateja wengine hawatajua hata amenunua nini.

Hayo maji usiyadharau. Watu wengi wanajua habari ya kutochangia sindano lakini wanachota maji kopo moja, wanapikia unga kwenye kizibo kimoja, wanachujia pamba moja, na homa ya ini C inapita humo humo. Kila mtu na vyake, mpaka kile kipamba. Na wakikuomba ya sukari wape ya sukari, usiwabadilishie ya bomba kubwa, ile ndogo sindano yake imeshikana na bomba kwa hio damu inayobaki ndani ni kidogo sana ukilinganisha na hizi za kuchomoa. Akikuuliza je nikiosha na jiki? Mwambie kweli, jiki ni ya mtu aliyekosa kabisa, inapunguza lakini haimalizi, mpya ndo mpya.

Nasaha? Usimpe mtu hotuba akiwa na arosto, hasikii, na kesho hatarudi. Msalimie kwa jina lake, hasa huyo mliyesoma naye. Yeye ndo atakuja kukuuliza siku moja, nimechoka nifanyeje, na siku hio uwe na jibu mkononi: kuna methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya nesi, inaondoa arosto mtu anarudi kufanya kazi. Ilianza Kenya Disemba 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, 2015 ikafika Malindi na Kisauni. Kutoka kwenu Kisauni ni kuvuka feri na matatu juu yake kila siku ya Mungu, nauli hio imewashinda wengi, kwa hio waulize dropini pia habari ya kliniki ya Kombani huko Kwale. Na asiende kliniki moja kwa moja, aanzie dropini, wao ndo wanamwandaa na kumpeleka. Wanawake wenye watoto wanaogopa wakijitokeza watanyang'anywa mtoto, ukimpata mmoja muulizie kwanza kama kuna siku ya kina mama peke yao, na ukiweza mtafutie mtu wa kumsindikiza.

Bosi akikataa bado, baada ya hayo yote, usipoteze kazi yako, unayo maisha. Lakini jua kemisti gani nyingine huko mtaani inauza na umwelekeze mtu, kumwelekeza hakuhitaji ruhusa ya bosi. Na mwite mtu wa dropini aje aongee na bosi mwenyewe, hao wameshazoea kukaa na wazee wa mitaa na maafande, wanajua pa kushika.

Akikubali, sefti boksi liwe upande wenu wa ndani, juu, mbali na mikono ya watoto. Anayerudisha sindano aitumbukize mwenyewe, wewe usiipokee kwa mkono na usijaribu kuirudishia kifuniko. Mama wa kufagia anunuliwe glavu nene na koleo. Boksi likifika robo tatu lifungeni, msilishindilie, mpigieni jamaa wa dropini aje. Na akichelewa msilitoe nje kwenye taka, likae ndani mpaka afike.